Rangi Mbili za Mtamba Mmoja

Ng'ombe walikuwa wameshatoka zizini, na wa mbele walishaingia barabarani, nilipofika mbio na betri ya kamera. Optatus alikuwa amepanda juu ya kichuguu anapiga video. Hakunitazama, alinyoosha mkono tu, nikampa betri. Ng'ombe kumi na wawili na mbuzi sita walipita mbele yake. Nyuma yao alikuja Yoramu, fimbo mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu ya fimbo kama nguo iliyoanikwa.

Mzee Batholomeo, mwenye ng'ombe, alisimama mlangoni pa zizi amevaa koti la suti na kandambili.

"Yoramu, ukifika nisalimie wakwe."

"Nitawasalimia, mzee. Wakinichinjia kuku, ni wangu au naye ni wa mahari?"

"Kuku ni wako. Manyoya niletee."

Watu wakacheka. Yoramu hakugeuka. Akapiga mluzi na ng'ombe wakakaza mwendo.

Hiyo ilikuwa Juni, mwaka elfu mbili na nne, upande wa Mvumi. Ng'ombe wale walikuwa mahari ya Brighton, mtoto wa Mzee Batholomeo, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini Dodoma. Alikuwa anamwoa mwalimu aitwaye Paulina. Nyumbani kwa kina Paulina ni mbele ya Kibaigwa, siku nne kwa miguu ya ng'ombe. Lori lingewafikisha kwa nusu siku, lakini Mzee Batholomeo alisema mahari ya kwenye lori ni sawa na mahari ya usiku, hakuna anayeiona. Kwa hiyo alikodi Yoramu.

Yoramu alikuwa mtu wa kazi hiyo. Umri wake kama arobaini na mitano. Alikuwa na ng'ombe wanne wa kwake, na wengine kumi na mmoja wa watu waliowaweka kwake awatunze, anywe maziwa na apate ndama mara moja moja. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa jambo moja tu: watu kuamini kwamba ng'ombe waliyempa ndiye watakayemkuta. Akishakosa hilo hana kitu.

Mimi naitwa Anyitike. Kwetu ni Tukuyu, ingawa Tukuyu sijalala tangu mwaka themanini na moja. Darasa la kwanza na la pili nilisoma huko, la tatu Chunya baba alipokuwa anatafuta dhahabu, la tano Iringa bila kupitia la nne. Kazi nimefanya nyingi na sehemu nyingi. Niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni kupiga rangi magari, gereji moja ya Kizota, Dodoma, miaka sita. Kifua kikaanza kukataa, daktari akasema niachane na harufu ya thina. Ndipo nikaenda mtaa wa Kikuyu, Dodoma hapohapo, kwenye studio ya Optatus, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumchorea mapazia ya kupigia picha. Nilimchorea bahari, maporomoko ya maji, na ghorofa lenye lifti. Yalipokwisha nikabaki tu, nabeba taa, nashika nyaya, naulizwa habari za rangi kwa sababu walijua nimezifanyia kazi.

Studio ilikuwa na kompyuta mbili zilizotoka Dubai zikiwa zimeshatumika. Moja ilikuwa ya picha, anakaa Debora, fundi wa picha. Nyingine ya video, anakaa Optatus mwenyewe. Katikati palikuwa na pazia. Mashine zile zilikuwa kama wake wenza, kila moja na maneno yake. Debora alimaliza picha ya bibi harusi, sura imekaa vizuri, gauni jeupe. Akaitia kwenye sidii, akampa Optatus aiweke mwanzoni mwa mkanda. Kwenye televisheni bibi harusi akatoka na uso wa tofali.

"Umempika," Optatus alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Kwangu hajapikwa. Njoo umwone."

"Nimwone huko nifanye nini? Mteja atamwona huku."

"Basi mlete mteja akae huku."

Ilikuwa hivyo karibu kila wiki. Kioo cha Debora kilikuwa kikuukuu, nguvu ya wekundu imekwisha. Kila kitu juu yake kilionekana na ukijani kidogo, kama mtu aliyetoka kutapika. Debora alikuwa anaongeza wekundu mpaka macho yake yaridhike. Wekundu ule alioongeza ulikuwa wa kweli, upo ndani ya picha, ila kioo chake hakiuonyeshi. Ukienda kwenye mashine ya video unatoka wote kwa pamoja. Na ile programu ya video nayo ilikuwa na tabia zake. Optatus alikuwa amesoma kozi ya wiki mbili Dar es Salaam, akanieleza siku moja kwamba kompyuta inahesabu mwanga kuanzia sifuri, televisheni inaanzia kumi na sita, kwa hiyo giza la huku siyo giza la kule, na weupe vilevile. Sikushika hesabu, lakini jambo nilishika. Ni kama mafundi wawili mnasoma kopo moja la rangi, mmoja yuko juani, mwingine kivulini.

Kizota hatukuwa tunaamini kopo, wala kumbukumbu. Unapaka kipande cha bati, unakiacha kikauke, unakishikiza kwenye mlango wa gari. Kikipotelea mlangoni usikione, ndipo unapiga. Nikamwambia Optatus tupake bati moja lenye rangi tano, tulipige picha na video kila mwanzo wa kazi. Bati likionekana sawa kwenye mashine zote mbili, na lifanane na lililo mkononi, vingine vyote vitafuata.

"Mzee Anyitike," akasema, "hii siyo gereji."

"Si ujaribu, bosi?" Debora akasema. "Bati lenyewe la kuokota."

"Mteja hataki bati. Mteja anataka kung'aa."

Yakaishia hapo. Mimi si mtu wa kurudia jambo.

Sasa, mwezi wa Mei kabla ya ng'ombe kuondoka, Mzee Batholomeo alikuja na wazo lake. Alitaka albamu ya ng'ombe. Awapelekee wakwe wachague kabisa, huyu wa mjomba, huyu wa mama, yasije yakatokea maneno baadaye. Tukaenda Mvumi mimi na Optatus, tukapiga picha ng'ombe mmoja mmoja kwa kamera ya dijitali, ya kwanza mimi kuishika. Palikuwa na mtamba mmoja mzuri wa umbo, mgongo ulionyooka, bado hajakatwa alama ya sikio kwa sababu alikuwa wa kutolewa. Rangi yake ilikuwa majivu yaliyochanganyika na udongo kidogo. Nilimtazama vizuri kwa sababu kwenye gari rangi ile ni ngumu kuipata.

Siku ya pili Mzee Batholomeo alikuja studio akasimama nyuma ya kiti cha Debora. Mtamba akatokea kwenye kioo.

"Huyu mbona anaonekana mgonjwa?"

Kweli alionekana mgonjwa. Alikuwa na rangi ya maji ya mlenda. Debora akaongeza wekundu.

"Ongeza kidogo," nikasema. "Kidogo tena. Hapo."

Pale niliposema hapo, mtamba alikuwa sawasawa na nilivyomwona Mvumi. Jicho langu halikukosea, kioo ndicho kilichokuwa kinakosea. Debora akahifadhi juu ya picha ya mwanzo, ile ya mwanzo ikafutika. Karatasi ilipotoka kwenye printa mtamba alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Hakuna aliyeilinganisha karatasi na ng'ombe, maana ng'ombe alikuwa Mvumi na karatasi ilikuwa Kikuyu. Mzee Batholomeo aliitazama muda mrefu kidogo. Kisha akaifunga albamu akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

Huko kwa wakwe, nilikuja kusikia, Mama Paulina alifungua albamu yote, akarudi nyuma, akaweka kidole juu ya mtamba yule. Alikuwa mjane, mkulima, na ng'ombe wa mama ndiye peke yake atakayekuwa wake kabisa, hakuna mtu wa kumwuliza juu yake.

"Huyu mwekundu," akasema.

"Umechagua vizuri," Mzee Batholomeo akajibu. "Huyo ni damu tupu. Mama yake alikuwa hivyo hivyo."

Ndipo ikaja ile siku ya kuondoka niliyoanza nayo. Siku ya nne tulitangulia kwa basi tukawapiga video wakifika. Hakuna aliyekuwa amepungua. Mama Paulina alitembea katikati yao akiwagusa.

"Yule mwekundu yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama," Yoramu akasema, akamwonyesha mtamba wa majivu. Albamu hakuwahi kuiona. Alidhani mama anatania.

"Mbona yuko hivi?"

"Vumbi la Kibaigwa hilo. Hata mimi nilikuwa mweupe nilipotoka nyumbani."

Wanawake wakacheka. Yoramu akapewa kuku, akamla, manyoya akaacha. Mambo yakatulia wiki tatu.

Mkanda tuliupeleka kwa kina Paulina Jumapili, baada ya ibada. Nilibeba televisheni kichwani kutoka barabara kuu, Optatus akabeba deki, jenereta ikaazimwa kwa mtu wa mashine ya kusaga. Uani palijaa watu. Optatus alikuwa ameuanza mkanda kwa picha za albamu, ng'ombe mmoja mmoja, chini yake maandishi: Ng'ombe wa Mjomba, Ng'ombe wa Babu, na muziki wa kinanda. Ilipofika Ng'ombe wa Mama, mtamba alitokea mwekundu kama pilipili iliyoiva. Watu wakapiga vigelegele. Zikapita dakika kumi za safari, vumbi, watoto wakipungia kamera. Kisha kwenye mkanda huohuo Yoramu akaingia uani na mtamba wa majivu, sauti yake ikasikika: "Huyu hapa, mama."

Aliyesema kwanza ni Ndahani, kaka yake Mama Paulina, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Rudisha."

Optatus akarudisha.

"Rudisha tena."

Ilirudishwa mara tatu. Watu wa pale unaweza kuwaonyesha picha ya harusi yenye watu hamsini wakamsahau hata bwana harusi. Ng'ombe mmoja, akipita mara moja, hawamsahau. Walikuwa wanataja rangi zile mbili kwa Kigogo, kila moja na jina lake, na majina hayakukaribiana hata kidogo.

"Pembe ni zilezile," mtu mmoja akasema.

"Mitamba yote ya umri huo ina pembe hizo," Ndahani akasema. "Huyu amebadilishwa. Mchungaji alilala wapi siku ya tatu?"

"Kibaigwa."

"Kibaigwa kuna dalali wa kila kitu." Akamgeukia Optatus. "Wewe kijana, mashine yako inasemaje?"

"Mimi ni mtu wa kamera, mzee," Optatus akasema. "Kamera inaona kilichopo."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya televisheni nimeshika waya usitoke. Nilisikia maneno yale na nilijua siyo kweli. Sikusema kitu. Siwezi kusema niliogopa. Nilikuwa nawaza tu kwamba waya ule unapata moto.

Wakampelekea habari Mzee Batholomeo. Jibu lake lilirudi baada ya siku mbili: ng'ombe aliyetoka kwangu ni yule wa kwenye picha. Angesema mtamba ni wa majivu tangu kuzaliwa, angeulizwa ile damu tupu aliitoa wapi. Kwa hiyo alinyamazia hapo, na neno zima likabaki juu ya Yoramu.

Wiki ya kwanza mtu mmoja alikwenda kwa Yoramu kuchukua ng'ombe wake wawili, akasema anataka kulimia. Haukuwa msimu wa kulima. Wiki ya pili wakaondoka watano. Mwisho wa mwezi wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia, wakanywa maji, wakafungua zizi.

Nikamwambia Optatus tukiwa wawili, yeye yuko nyuma ya pazia.

"Lazima tuseme ni sisi."

"Tuseme nini? Kwamba studio yangu inabadilisha ng'ombe? Kesho nani ataleta sura yake hapa? Agosti nina harusi ya mheshimiwa, mzee. Mheshimiwa."

"Na Yoramu?"

"Yoramu atapata ng'ombe wengine."

Debora alikuwa anasikia. Hakugeuka kwenye kioo chake.

"Mbele ya hiki kioo tulikuwa watatu," akasema. "Mimi, mzee huyu na Batholomeo. Yoramu hakuwepo."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Jumatatu iliyofuata Yoramu mwenyewe alikuja studio. Alivua viatu mlangoni ingawa tulimwambia aingie navyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za Mvumi?"

"Nzuri. Nimekuja kumwona huyo ng'ombe wanaosema."

Optatus alikuwa ametoka. Debora akafungua picha. Yoramu akainama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama mtu anayetazama kisima.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye kabisa. Sasa wanagomba nini?"

Debora akanitazama. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwenye kioo kile kilichochoka, picha ile iliyotiwa wekundu ilikuwa bado ni mtamba wa kweli, yule aliyemchunga siku nne. Nikamshika Yoramu mkono nikampitisha upande wa pili wa pazia. Debora akaleta sidii, akaiweka kwenye mashine ya Optatus iliyounganishwa na televisheni.

Yoramu alitazama muda mrefu.

"Ni picha ileile?"

"Ileile."

Akarudi upande wa Debora akaangalia. Akaja tena huku. Akashika pazia kwa vidole viwili, kitambaa chepesi cha maua.

"Nilitembea siku nne namlinda," akasema. "Kumbe amebadilika hapa, hatua mbili."

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnajua?"

"Mimi nilikuwa najua tangu siku ile ya mkanda," nikasema.

Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa. Debora akampa. Akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Sasa utawaambia, au nirudi nyumbani?"

"Itisha baraza," nikasema. "Nitakuja."

Bati nilipata Kizota, kipande cha mlango wa gari lililokatwa. Nilikipiga rangi tano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, na ya tano majivu yenye udongo, ambayo ilinichukua nusu siku. Mimi na Debora tukaenda kwa Mama Paulina, Debora akiwa na kamera. Mama Paulina hakutukaribisha vizuri, lakini hakutuzuia. Yoramu alimshika mtamba kamba, mimi nikasimamisha bati ubavuni mwake. Ile rangi ya tano ilipotea kabisa kwenye ngozi, usingejua bati linaanzia wapi. Debora akapiga picha. Tukarudi Kikuyu, akaongeza wekundu uleule aliokuwa ameongeza Mei, bila kuzidisha, bila kupunguza. Kisha tukaipeleka kwenye mashine ya video tukaitia kwenye mkanda.

Optatus alitukuta tunamaliza.

"Mkienda na mkanda huo msirudi hapa," akasema.

"Sawa," nikasema.

"Debora?"

"Mimi sijaitwa barazani," Debora akasema. "Kamera yako hii hapa."

Nilikwenda peke yangu, na televisheni na deki za kuazima. Baraza lilikaa palepale uani, jenereta ileile. Mzee Batholomeo alikuja na koti lake. Yoramu alikaa pembeni juu ya kinu kilicholazwa. Ndahani akasalimu "Mbukwenyi," wakaitika, akasema mgeni ana neno.

Mimi si msemaji. Niliwasha televisheni. Mtamba akatokea, mwekundu kama pilipili, na ubavuni mwake bati.

"Huyo ndiye yuko zizini hapo," nikasema. "Alipigwa picha wiki iliyopita, Mama Paulina alikuwepo. Yuko hapa tangu Juni, hajatoka. Na hili bati ndilo lile."

Nikalisimamisha bati pembeni ya televisheni. Kwenye kioo, rangi ya tano ilikuwa nyekundu kama ya mtamba, na nyeupe ilikuwa kama ufizi. Mkononi mwangu ile ilikuwa majivu na hii ilikuwa nyeupe.

"Bati halikutembea siku nne," nikasema. "Halikulala Kibaigwa."

Bibi mmoja akanyanyuka, akaja polepole, akagusa bati kwa kidole, akakinusa.

"Limekauka," akawatangazia wenzake, akarudi kukaa.

"Kwa hiyo picha ile ilitiwa rangi," Ndahani akasema.

"Ilitiwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Nilisema ongeza, ikaongezwa. Kwenye kioo cha kule ilionekana sawa. Mashine mbili haziafikiani na sisi hatukuzipatanisha."

"Ulidhamiria?"

"Hapana."

"Na siku ile ulikuwa umesimama hapo nyuma ya televisheni. Nilikuona. Mbona hukusema?"

"Sikusema tu," nikasema.

Ndahani akaniacha. Akamgeukia Mzee Batholomeo, akabadilisha sauti kidogo, ya mtu anayeongea na mkwe.

"Mkwe wangu, siku ile uliposema damu tupu, ulikuwa unamwona ng'ombe au ulikuwa unaona karatasi?"

Mzee Batholomeo alifungua kifungo cha koti, akakifunga.

"Karatasi," akasema. "Niliiona nzuri."

"Mimi sikuchagua karatasi," Mama Paulina akasema. Ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Wakashauriana kwa Kigogo. Wakaamua Mzee Batholomeo alete mtamba mwekundu, na wa majivu abaki kwa usumbufu. Kisha Ndahani akasimama akasema Yoramu hana neno. Watu wakaitikia, hana neno. Wazee wanne wakaenda wakampa mkono pale kwenye kinu, mmoja mmoja, na yeye akaupokea kila mkono akiwa ameketi.

"Na huyo mwekundu," Ndahani akamwambia, "utamleta wewe mwenyewe, ili watu waone."

"Tafuteni lori," Yoramu akasema.

Tuliongozana mpaka barabara kuu, mimi na televisheni kichwani. Nilimwambia sasa watamrudishia ng'ombe wao. Akasema labda. Basi lake lilikuja kwanza.

Mtamba mwekundu alifika kwa lori mwezi wa Septemba. Brighton na Paulina walifunga ndoa Oktoba, picha zikapigwa na studio nyingine. Walihamishiwa Tabora, wana watoto watatu. Mzee Batholomeo alifariki mwaka elfu mbili na tisa, kwa kisukari. Ndahani alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipindi kimoja, cha pili akashindwa. Mama Paulina yuko hai, macho yamepungua.

Optatus alifanya harusi ya mheshimiwa. Sijui ilitokaje. Mwaka uliofuata aliuza mashine zote mbili akahamia Morogoro, anauza simu. Debora alipata kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya matangazo, anasema huko wana vioo vizuri.

Wenye ng'ombe hawakuwarudisha kwa Yoramu. Hawakusema wanamshuku, na nadhani hawakumshuku tena. Walisema ng'ombe wameshazoea huko walikohamia. Mtu mmoja tu alileta mbuzi. Yoramu alingoja mpaka mvua za mwaka ule zikapita, akauza wanne wake, akahamia Kibaigwa na mkewe. Wanashona magunia ya mahindi pale sokoni. Nilipita hapo mwaka elfu mbili na kumi na moja, tukasalimiana, akaniuliza hali ya kifua, nikamwambia kiko vilevile. Alikuwa na magunia mengi mbele yake, sikukaa.

Mimi Kikuyu niliondoka wiki ileile ya baraza. Nilikaa Singida miaka miwili, halafu Itigi, halafu Manyoni. Napaka rangi milango na madirisha.